Duriti ya shofaji si kitu cha kufungwa na mpira wa baiskeli

KIWANJA, Rutshuru – Pikapu za zamani bado ndizo miguu ya watu wa huku. Hilux na Land Cruiser zilizokwisha kuchoka hubeba maharagwe na mahindi, wagonjwa, mabati, magodoro, mbuzi, na juu ya vyote hivyo, watu. Familia iliyokimbia vita ikitaka kurudi kuangalia shamba lake, hupanda hizo. Ikilazimika kukimbia tena, hupanda hizo hizo. Kwa hiyo mpira mdogo ulio chini ya kapo, wenye unene wa kidole gumba, unamhusu kila mkaaji, hata mama ambaye hajawahi kushika usukani.

Mpira huo ni duriti ya shofaji. Ziko mbili kwenye kila pikapu. Zinatoka kwenye mota, zinapenya ukuta wa chuma nyuma ya mota, na kuingia kwenye radiatere ndogo iliyofichwa nyuma ya tablo, ile inayopasha joto ndani ya kabini. Na kwa sababu kazi yake inayoonekana ni kupasha joto, duriti hiyo imedharauliwa kuliko piesi zote za gari. Mtu akiuliza, hujibiwa maneno yale yale kwenye kila garaji, kuanzia Kiwanja mpaka Goma: «Huku kwetu hakuna baridi, shofaji ya nini?»

Basi duriti ikipasuka, hainunuliwi nyingine. Inazungushiwa mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa vipande virefu, kama mtu anayefunga mzigo kwenye chukudu. Au inakunjwa na kukazwa kwa waya. Au inakatwa kabisa, na tundu lake linazibwa kwa kipande cha mti au bulono kubwa. Kisha konvoyere anapiga kelele kwenye njia panda, pale barabara ya Ishasha inapoachana na ile ya Rwindi: «Bado wawili! Bado wawili!» Wanapanda watu kumi na wawili. Hakuna anayewaambia kwamba uhai wa safari yao unategemea kipande cha mpira wa baiskeli.

Tabia hii ni mbaya, na haifai kuendelea kuitwa ujanja wa fundi.

Uongo wa kwanza wa kuvunja ni ule wa kusema duriti ya shofaji ni ya shofaji tu. Maji yanayopita ndani yake si maji mengine. Ni yale yale ya mota na ya radiatere kubwa ya mbele. Pampu ya maji inayasukuma, yanazunguka ndani ya mota, yanabeba moto, mengine yanakwenda kwenye radiatere ya mbele kupoa, na mengine yanapita kwenye duriti hizi mbili na kurudi kwenye pampu. Ni damu moja kwenye mwili mmoja. Mtu aliyekatwa mshipa wa mkono hasemi kwamba ni mkono tu. Duriti ya shofaji ikifunguka njiani, maji yote ya mota yanatoka kwa tundu hilo, na kwa kuwa pampu inayasukuma, yanatoka haraka. Dakika chache zinatosha kuiacha mota kavu.

Jambo la pili mashofere wengi wa huku hawakulifundishwa, na linahusu milima yetu kabisa. Maji hayachemki kwa moto ule ule kila mahali. Kule pwani, Mombasa au Dar es Salaam, yanachemka yakifika digrii 100. Goma iko kwenye mwinuko wa mita karibu 1,500, na huko maji yaliyo wazi huchemka yakifika digrii 95 hivi. Kibumba ni juu zaidi, na yanachemka mapema zaidi. Mota ya dizeli nayo hufanya kazi yake ya kawaida maji yakiwa na digrii 80 hadi 90. Tofauti kati ya mota iliyo salama na mota inayochemsha ni ndogo sana.

Ndiyo maana waliotengeneza gari waliweka mfuniko wenye springi juu ya radiatere. Mifuniko mingi ya pikapu hizi imeandikwa 0.9. Maana yake ni kwamba maji yanazuiliwa ndani kwa nguvu, na maji yanayobanwa hivyo hayachemki mpaka yapite digrii 110, hata huku milimani. Nguvu hiyo ndiyo inayompa shofere nafasi ya kupanda mlima na mzigo. Lakini inashikiliwa na kila duriti na kila kolie kwenye mzunguko ule. Duriti moja ikiwa na tundu la sindano, nguvu yote inatoka hapo, hata kama maji yanayodondoka ni matone tu. Pikapu inayodondosha matone ni pikapu iliyorudishwa kuchemka kwenye digrii 95. Shofere anasema, «Inavuja kidogo tu, nitaongeza maji Rumangabo.» Anachokosa si maji peke yake.

Mpira wa baiskeli hauwezi kushika nguvu hiyo. Ulitengenezwa kushika hewa baridi, ukiwa umefunikwa na tairi. Ukiwekewa maji ya digrii 90 na mvuke, unalainika, unavutika, unateleza. Unaweza kushika kutoka Kiwanja mpaka Rutshuru, ambako ni karibu na njia si mlima. Ni hapo udanganyifu wake ulipo, kwa sababu ukishika mara moja shofere anauamini, na anaanza nao safari ya Goma, zaidi ya kilomita 70, ambayo sehemu yake kubwa ni kupanda.

Kuna wanaoleta mpira mweupe wa plastiki, ule ambao waashi hutumia kupimia usawa wa ukuta, na kuuweka pale. Huo unalainika kama ugali kabla hata gari halijafika mbali. Wengine wanaweka mpira wa mafuta ya dizeli kwa sababu unaonekana mgumu. Kuonekana mgumu si kigezo. Duriti ya maji ya moto ina nyuzi zilizofumwa ndani ya ukuta wake ili isivimbe, na mpira wake ni wa aina inayovumilia maji ya moto. Kwenye pikapu nyingi tundu lake la ndani ni milimita 16 hivi. Inauzwa kwa mita kwenye maduka ya piesi, Birere na kwingineko, na mita moja haifiki hata karibu na pesa ya safari moja iliyojaa. Hapo ndipo hasira ya abiria inapata haki yake.

Mwenye gari ana majibu yake, na ni vizuri yasikilizwe. Anasema bariere ni nyingi, kila moja inataka kitu. Anasema mafuta yamepanda, barabara imeoza, gari lilikaa bila kazi miezi mingi wakati wa mapigano. Yote hayo ni kweli, na anayeyakana hakai Rutshuru. Lakini hesabu yake ina kosa. Mota iliyokauka maji huharibika kulasi, yaani kichwa cha mota: kinapinda au kinapasuka. Mota ya Hilux iitwayo 2L inajulikana na mafundi duniani kote kwa kulasi inayopasuka ikipata moto kupita kiasi. Kulasi ikishapasuka, mwenye gari anatafuta pesa ambayo ingenunua duriti za pikapu zote zinazopakia Kiwanja. Waswahili walishasema kuhusu ufa na ukuta, na mwenye gari anaijua methali hiyo vizuri anapozungumzia nyumba yake. Kwenye gari anaisahau.

Tena, hasara ya kulasi ni yake. Hasara ya abiria nani anailipa?

Barabara ya taifa nambari 2 si mahali pa kusimama na kapo wazi. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, watu 17 waliuawa, kati yao walinzi 12 wa mbuga ya Virunga. Tarehe 22 Februari 2021, karibu na Kibumba, aliuawa balozi wa Italia Luca Attanasio pamoja na mlinzi wake Vittorio Iacovacci na shofere Mustapha Milambo. Hao walikuwa na magari mazuri na ofisi kubwa nyuma yao. Upande wa kaskazini, kati ya Mabenga na Rwindi, barabara inapita katikati ya mbuga, bila kijiji cha kukimbilia, na kwa miaka mingi magari yalikuwa yakisubiriana ili yapite kwa msafara wenye askari. Pikapu inayosimama hapo saa kumi na moja ya jioni inawaacha mama na watoto wake kandokando ya barabara gizani, na sababu yake yote ni mita moja ya mpira. Mashofere huita hali hiyo bahati mbaya. Bahati mbaya haina fundi aliyeiona asubuhi na kusema «itafika tu».

Waliokimbia vita wanajua gharama yake kuliko wengine. Mwishoni mwa Oktoba 2022, Kiwanja na Rutshuru zilipoingia mikononi mwa M23, watu waliondoka kwa chochote chenye magurudumu. Februari 2025, kambi za kandokando ya Goma kama Kanyaruchinya na Bulengo zilipovunjwa, familia nyingi zilipanda tena kurudi Rutshuru, na vyombo, na turubai, na watoto juu ya mizigo. Mtu wa namna hiyo hachagui gari. Anapanda lililopo, na nauli aliyotoa mara nyingi ndiyo pesa ya mwisho mkononi. Gari likifa Rugari, hana nauli nyingine. Konvoyere naye hurudisha pesa mara chache sana. Husema gari litatengenezwa sasa hivi, na sasa hivi hiyo huisha usiku.

Lakini mafundi wana neno moja la kweli. Ikiwa ile radiatere ndogo nyuma ya tablo imetoboka, na pesa ya kuibadilisha haipo, inawezekana kuiruka. Unachukuliwa mpira mmoja mzuri, wa aina ile ile ya duriti, unaunganishwa kutoka tundu la kutoka maji mpaka tundu la kurudi, kwa mpindo mpana usiokunjika, na kolie mbili zinazokaza. Maji yanaendelea kuzunguka, mota haidhuriki, safari inaendelea. Hiyo ni kazi ya heshima. Kipande cha mti ni jambo jingine: kinapokauka kinanywea, kinapolowa kinavimba, na siku moja kinaruka kama risasi. Fundi anayejua tofauti na bado anachagua mti ndiye wa kulaumiwa.

Na hata kuruka kule kwa heshima kuna bei, kwa sababu ile kauli ya kwamba huku hakuna baridi ni ya mtu asiyetoka Kiwanja. Pikapu inayoondoka hapa na joto hufika Kibumba alfajiri kwenye ukungu, abiria wamejikunja chini ya turubai, kioo cha mbele kimejaa mvuke kwa ndani. Shofere anafuta kwa kitambaa kwa mkono mmoja na kuendesha kwa mkono mwingine, na mbele kuna Fuso limesimama bila taa. Kazi ya shofaji hapo ni kukausha kioo. Ukienda upande wa Lubero ni vile vile. Anayebisha aulize wanaouza vitunguu na viazi kutoka huko wanavaa nini asubuhi.

Kuna jambo jingine ambalo mashofere wazee wanalijua na vijana wamelisahau. Gari likipanda ukuta wa Kabasha kutoka Rwindi kuelekea Kanyabayonga, mshale wa moto ukianza kupanda, shofere anafungua shofaji mpaka mwisho na kuwasha feni yake kwa nguvu. Kabini inakuwa kama tanuru, miguu inaungua, lakini mota inapoa, kwa sababu ile radiatere ndogo imekuwa radiatere ya pili. Mara nyingi hiyo inatosha kumfikisha mahali pa kupumzisha gari. Aliyeziba duriti zake kwa bulono amejinyima dawa hiyo mwenyewe, halafu anapanda Kabasha na tani ya mizigo.

Mshale wenyewe nao unasingiziwa. «Mshale haukupanda,» shofere hujitetea gari likishakufa. Inawezekana ni kweli. Kile kipimo kinachotuma habari kwenye tablo kimekaa ndani ya maji. Maji yakiisha, kinabaki kwenye hewa, na mshale unaweza kutulia au hata kushuka wakati mota inaungua. Kwa hiyo mshale unaoshuka ghafla mlimani, bila sababu, ni wa kuogopwa kuliko unaopanda. Shofere anayefahamu hilo anasimama mara moja. Asiyefahamu anafurahi na kuongeza mwendo.

Katika mazungumzo haya kuna kosa lingine linaloishi nyumba moja na hili: kutoa termostati na kuitupa. Fundi anasema inazuia maji, bila hiyo gari litapoa vizuri. Kwenye mota nyingi za dizeli za Toyota, pamoja na 1HZ ya Land Cruiser, termostati ina kazi mbili. Inafungua njia ya radiatere, na wakati huo huo inafunga njia ya mkato ambayo maji hupita kurudi kwenye mota bila kupoa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji haifiki tena mbele kupoa. Gari linachemsha zaidi mlimani, fundi anaitwa, anaona duriti imevimba, anaifunga na mpira wa baiskeli. Kosa linazaa kosa.

Kutunza duriti hakuhitaji mashine wala shule ya Kinshasa. Kunahitaji dakika tano asubuhi, mota ikiwa baridi. Duriti haifi kwanza kwa nje. Kwa kawaida huanza kuoza ndani, na hasa karibu na ncha zake, pale kolie inapokaza. Kwa hiyo kuiangalia kwa macho na kusema ni nyeusi na inang'aa ni kazi bure. Inabinywa kwa vidole, karibu na kolie, halafu inabinywa katikati. Ikiwa ncha ni laini kuliko katikati, au ndani kunasikika kama kitu kinachopasukapasuka, imeisha. Ikiwa imekuwa ngumu kama mti, imeisha. Imevimba kama nyoka aliyemeza panya, imeisha. Na ikiwa ina mafuta juu yake, ni ya kutazamwa mara mbili, kwa sababu mafuta ya mota huifanya iwe laini na kuiozesha. Basi tengeneza kwanza kule mafuta yanakotoka, la sivyo duriti mpya itakufa kama mama yake.

Kolie pia. Waya si kolie. Waya unakata mpira, na unabana sehemu moja tu huku pengine pakibaki wazi. Kolie ya skurubu inakazwa kiasi, siyo mpaka mpira utokeze kwenye matundu yake, na inarudiwa kukazwa baada ya safari ya kwanza kwa kuwa mpira mpya hutulia. Bomba la chuma ambalo duriti inavaa linasuguliwa kwanza. Likiwa na kutu ya magamba, duriti ya dola nyingi itavuja kama ile ya zamani.

Kisha maji. Mashofere wanachota popote: kwenye mtaro, kwenye dimbwi, Ziwa Kivu likiwa karibu wanachota ziwani. Maji ya Kivu yana madini mengi, na madini hayo yanabaki ndani ya mota kama magamba yanayobaki kwenye sufuria ya kuchemshia chai. Ile radiatere ndogo ya shofaji ina mifereji membamba, nayo ndiyo huziba mapema. Maji ya mvua yaliyochujwa ni bora kuliko ya ziwa. Bora zaidi ni yale maji maalum ya rangi, ya kijani au mekundu, yaliyochanganywa vizuri na maji safi, maana yanazuia kutu na kuchelewesha kuchemka. Lakini hapo kuna hatari ambayo familia za kambini na mitaani lazima ziisikie: maji hayo ya rangi ni sumu, na aina nyingi zina utamu ambao mtoto anaweza kuupenda. Bidoni iliyoyabeba isichotewe maji ya kunywa hata ikioshwa mara saba. Na fundi anayeyamwaga chini mbele ya nyumba za watu, ambako kuku na watoto wanacheza, anastahili kukemewa na mtaa mzima.

Nani atasimamia haya? Kwenye bariere gari linasimamishwa, karatasi zinaulizwa, pesa inatoka, kamba inashushwa. Kapo haifunguliwi. Gari linalodondosha maji linapita pale pale mbele ya macho ya anayepokea pesa. Kusubiri bariere ilinde abiria ni kusubiri mvua ya kiangazi. Wenye uwezo wa kweli ni wenye magari na mashofere wenyewe, kupitia chama chao. ACCO, chama cha mashofere wa Kongo, kinajua kupanga zamu ya kupakia na nani atangulie. Kinachojua kupanga zamu kinaweza pia kuweka sharti: gari lenye duriti iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli au waya halipewi zamu siku hiyo. Sharti hilo halihitaji sheria mpya wala mfadhili. Mtu mmoja mwenye kuheshimika, kapo wazi, dakika tano.

Abiria nao wana macho na wana mdomo. Kabla ya kutoa nauli, mtu anaweza kuinama na kutazama chini ya gari pale lilipolala. Maji ya kiyoyozi yasimdanganye. Pikapu hizi nyingi hazina. Akiona dimbwi, hasa lenye rangi, aulize. Akiketi mbele na kuhisi harufu tamu ya ajabu, kioo kikajaa mvuke wenye utelezi usiofutika vizuri, zulia la miguuni likawa na unyevu, basi ile radiatere ndogo nyuma ya tablo inavuja, na siku ikipasuka maji ya moto yatamwagika juu ya miguu ya aliyeketi hapo. Mara nyingi anayewekwa hapo ni mama mwenye mtoto mchanga, kwa heshima. Kuuliza si ukorofi. «Baba shofere, duriti zako ziko namna gani?» ni swali la adabu, na abiria watano wakiliuliza pamoja, jibu lake hubadilika.

Gari likichemsha njiani, abiria washuke na wasogee mbali na kapo, watoto kwanza. Hakuna anayefungua mfuniko wa radiatere mota ikiwa ya moto, awe shofere wa miaka thelathini au kijana anayetaka kuonekana hodari. Nguvu iliyozuiliwa mle ndani inatoka yote kwa mara moja usoni pake. Inasubiriwa nusu saa au zaidi, mpaka duriti ya juu ya radiatere iguswe bila kuunguza mkono. Na maji baridi hayamwagwi ghafla ndani ya mota iliyoungua, kwa kuwa hiyo nayo hupasua kulasi.

Aliyeungua kwa maji au mvuke amwagiwe maji safi yasiyo ya barafu kwa dakika 20, pete na bangili zitolewe kabla hajavimba, afunikwe kwa kitambaa safi, apelekwe kituo cha afya kilicho karibu. Dawa ya meno, mafuta ya gari, majivu na unga visiwekwe. Maji ya kunywa ya abiria ndiyo yanayotumika hapo kwanza, na shofere asiyaombe ya radiatere kabla ya majeruhi kuhudumiwa.

Na chini ya kiti cha shofere, mahali ambapo sasa pamejaa vipande vya mpira wa baiskeli na waya, panatosha mita moja ya duriti ya milimita 16, kolie nne, bisibisi, na bidoni ya maji safi ya lita kumi. Mwenye gari anayesema hana pesa ya hivyo vitu aseme hivyo mbele ya abiria wake, asubuhi, kabla hawajalipa.